Rufaa Iliyokuwa Njiani

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Wito wa mahakama! Umeletwa asubuhi hii, chai yangu haijafika hata nusu kikombe. Jaji amechoshwa na rufaa za serikali zinazofika mezani kwake muda ukiwa umeshakwisha, hasa zile za viwanja na nyumba za watu. Ameamua kuzipitia zote kwa mkupuo, Jumatatu ijayo. Kila idara impeleke ofisa aliyechelewesha, yeye mwenyewe, aeleze sababu. Si mwakilishi. Si barua ya maelezo. Aliyechelewesha.

Yaani mimi.

Niweke mambo sawa, maana shajara yangu mwenyewe haina sababu ya kunionea. Mimi ni mwanasheria wa Idara ya Majengo ya Umma, ghorofa ya tatu, meza ya dirishani. Nyuma ya jengo letu kuna karakana ya fundi wa makochi, mjane mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Mama Makochi. Mwaka juzi idara ilisema nusu ya uwanja wake ni ardhi ya umma, ikapitisha uzio wa waya katikati. Mama akaenda mahakamani. Mwanzoni mwa mwaka jana akashinda. Hakimu akasema uwanja ni wake wote na uzio ung'olewe. Sisi tukapewa siku thelathini za kukata rufaa.

Nilikata. Baada ya miezi minane.

Katika miezi hiyo, kila Mama Makochi alipouliza mbona uzio bado umesimama, tulimjibu kwamba rufaa iko njiani. Na haikuwa mbali. Ilikuwa kwenye droo yangu, na droo yangu inatazamana na mlango.

Mkurugenzi ameniita. Ni mwanamke wa maneno machache, yote makali. Amesema anautaka ule uwanja kwa maegesho ya magari ya wakubwa. Amesema pia kiti cha Mkuu wa Kitengo cha Sheria kiko wazi. Nikimridhisha jaji, kiti ni changu, pamoja na nafasi ya kwanza ya kuegesha, yenye paa. Nisipomridhisha, vyote vinakwenda kwa Pasi.

Pasi ni jirani yangu wa meza. Jina nimempa mimi, kwa jinsi shati lake lisivyojikunja hata jioni. Kijana wa juzi tu hapa! Barua anaijibu siku ileile inapofika. Mtu mzima mwenye akili timamu hafanyi hivyo.

Wiki nzima ninayo. Sababu haiwezi kunikosa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Ugonjwa! Nani anaweza kubishana na ugonjwa? Nimeomba ruhusa, nikaenda zahanati kwa daktari niliyesoma naye. Nimemweleza kwa kuzungukazunguka kwamba mwaka jana nilikuwa hoi kwa miezi minane hivi, ila sikupata nafasi ya kuja kumwambia. Sasa ningependa cheti.

Amesema cheti cha mwaka jana hawezi. Anachoweza kuthibitisha ni mwili ulioko mbele yake leo. Akaniambia nivue shati. Nikavua, kwa heshima ya urafiki. Akanifunga kile kitambaa cha kupimia presha, akapuliza, akakunja uso. Akapuliza tena. Akauliza kama ninalala vizuri. Nikasema hasa nikiwa ofisini.

Presha iko juu. Chumvi marufuku. Vidonge kila asubuhi, na nitembee kwa miguu.

Niliingia nikitafuta ugonjwa wa mwaka jana, nimetoka na wa mwaka huu. Hauna faida yoyote mahakamani! Nimejaribu kumwomba abadilishe tarehe tu, mengine ayaache kama yalivyo. Amenifungulia mlango.

Mke wangu amelichukua jambo hili kwa uzito. Chakula cha jioni kilikuwa na ladha ya maji ya kuoshea vyombo. Nimekula chote. Sikutaka maswali.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeamka na jibu. Maji!

Mwaka jana bomba la jikoni ofisini lilipasuka. Hiyo ni kweli tupu. Lililowanisha sinia moja na viatu vya mhudumu wa chai. Mwandishi mzuri hahitaji zaidi ya hapo. Kufikia saa sita nilikuwa na hati ya kiapo ya kurasa tatu: mafuriko makubwa, majalada yakielea kwenye korido, watumishi wakiokoa nyaraka za taifa kwa mikono yao wenyewe. Nilipofika kwa watumishi nilikaribia kulia.

Pasi alikuja kuazima kibanio, akasoma juu ya bega langu. Akauliza kwa upole kama sisi si wa ghorofa ya tatu. Nikamwambia maji hayana kanuni. Akasema ni kweli, akarudi kwenye barua zake. Wivu tu.

Kamishna wa viapo ana ofisi ng'ambo ya barabara. Amegonga muhuri bila kusoma hata mstari. Mtu wa kazi, yule.

Nyumbani hali si shwari. Hii ni habari ya kochi. Kabla ya uzio kusimama, mke wangu alimwagiza Mama Makochi kochi la watu watatu, la kijani. Likakamilika wiki ileile waya ulipopita. Likabaki kwenye karakana ya nyuma, na njia pekee ya kulitoa ni uwanja tulioufunga. Tangu hapo tunakalia viti vya plastiki. Leo kimoja kimenivunjikia, mimi nikiwa juu yake na sahani mkononi. Mke wangu akauliza, nikiwa bado sakafuni, ni nani hasa anayeivuta hii kesi. Nikasema ni serikali.

"Haya," akasema. "Basi serikali ikishainuka hapo chini, iambie chakula kimebaki kidogo, na leo itamalizia imesimama."

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimefikiri upya. Kiapo ni kizuri, lakini dawa kamili ni kumlainisha Mama Makochi mwenyewe. Yeye akisema hana pingamizi, jaji atabaki na nini cha kunikasirikia? Saa nne nikanunua pakiti ya biskuti, nikashuka.

Kabla ya leo sikuwahi kufika kwenye ule uwanja. Kutoka juu unaonekana mdogo. Kumbe waya umepita katikati kabisa: meza ya kukatia vitambaa iko upande wa mbele, cherehani iko upande wa nyuma. Ili atoke hapa afike pale, mama inabidi atokee barabarani, azunguke nyumba za watu, aingilie kwa jirani. Kwa hiyo vitu anavirusha. Nimemkuta upande wa nyuma akiokota sponji alizokwisha kuzirusha mwenyewe asubuhi, zimetapakaa chini kama mikate. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaniambia nizunguke.

Nikaona kuzunguka ni mbali. Isitoshe, uzio ni wa idara yangu. Utanitambua.

Haukunitambua. Suruali imepasuka kutoka mfukoni hadi gotini, na sauti yake imesikika mtaani.

Mama hakucheka, nampa sifa hiyo. Alinipa kipande cha kitambaa cha kochi, maua mekundu makubwamakubwa, nijifunge. Akachukua suruali akaiweka kwenye cherehani. Nikasimama katikati ya uwanja nikiwa nimechanua. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba uwanja huu unaonekana kutoka kila dirisha la ofisi yetu. Nikainua macho polepole. Ghorofa ya tatu: Mkurugenzi, na kikombe. Pembeni yake, Pasi. Pasi akanipungia mkono.

"Mwanangu," Mama Makochi akasema, macho yake kwenye sindano, "mimi sheria siijui. Nataka kuuliza kitu kimoja tu. Miezi yote ile mlikuwa mnafanya nini?"

Nikasema kuna taratibu.

"Taratibu gani?"

Nikasema za ndani.

Akakata uzi kwa meno. Akaniambia alikuwa na mafundi wawili, wote wamemkimbia, kwa sababu kazi kubwa haipiti juu ya waya. Hoteli moja ilimletea oda ya viti vya ukumbi mzima, akairudisha. Karakana ile ya nyuma aliijenga marehemu mume wake kwa mikono yake, akafariki kabla ya kuipaka rangi. "Ningeambiwa nimeshindwa, ningehama nikaanze pengine. Ningeambiwa nimeshinda, ningefanya kazi. Mimi nilishinda, halafu nikaambiwa nisubiri. Hiyo ndiyo iliyonimaliza."

Niliitazama ile karakana. Haijapakwa rangi mpaka leo.

Kisha nikamwomba, kwa ustaarabu, akifika mbele ya jaji asiseme mengi. Akaniahidi hatasema mengi. Atasema alichokiona tu. Nikamuuliza ameona nini. Akasema amekuwa akiniona mimi, kila asubuhi, pale dirishani na kikombe changu. Nikamshukuru. Inapendeza mtu kukumbukwa.

Suruali imeshonwa vizuri kuliko ilivyokuwa dukani. Malipo amekataa. Biskuti amefungua, akanipa mbili za njiani. Safari hii nilizunguka.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Fitina! Mkurugenzi ameagiza Pasi aende nami mahakamani, eti kujifunza. Najua anachokwenda kujifunza: namna ya kukalia kiti changu. Nikianguka mbele ya jaji, yeye atakuwa pale pale, amenyooka, tayari kuokotwa badala yangu.

Sikukasirika. Nilimwendea wakati wa chai, nikamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mahakama imesogeza shauri letu hadi saa nane mchana. Ukweli ni saa tatu asubuhi. Atakapofika nitakuwa nimeshamaliza, nimeshinda, natafuta pa kuegesha gari ambalo nitalinunua.

Akanishukuru sana. Akaandika kwenye kalenda yake, akapigia mstari.

Rahisi. Safi. Haina gharama. Mke wangu ameuliza kwa nini natabasamu peke yangu. Nimemwambia ni vidonge.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Ubaya wa Pasi ni kwamba ukimwambia jambo, analifanyia kazi. Alimwambia Mkurugenzi. Mkurugenzi akamwambia dereva. Saa mbili asubuhi niko chini ya jengo, koti jeusi, tai, kiapo kwapani, na gari hakuna. Dada wa mapokezi akasema dereva amelipeleka kubadilisha matairi, atarudi saa saba, kwani kesi si saa nane? Nikasema ndiyo, saa nane. Ningesema nini?

Nikatoka mbio. Daktari angefurahi kuniona. Sijafika hata kona, pikapu ikatokea kwenye kichochoro cha nyuma. Usukani anao Mama Makochi. Pembeni yake wakili wake, binti mdogo mwenye sauti ndogo, amekumbatia rundo la karatasi. Mama akashusha kioo, akauliza naenda wapi. Nikasema kwenye kesi yetu.

"Mbele tumejaa," akasema. "Panda nyuma."

Nyuma kulikuwa na kiti kimoja. Kiti cha kuegemea, kikubwa, cha velveti nyekundu, cha mteja fulani, kilichomaliziwa upande wa mbele, kimefungwa kamba. Nilijaribu kuchuchumaa kando yake kwa unyenyekevu, lakini kona ya kwanza ilinikalisha. Nikabaki hapo. Hivyo ndivyo serikali ilivyopita katikati ya mji: imeegemea, miguu imekunjwa nne, tai inapepea. Watu walipunga mikono. Nikapunga. Mzee mmoja alivua kofia.

Tulipoingia kwenye uwanja wa mahakama, jaji mwenyewe alikuwa anashuka kwenye gari lake. Mwanamke mrefu, miwani imefungwa mnyororo shingoni. Akaivaa ili anione vizuri. Nikasimama niiname. Kamba ikaninasa mguu, nikakaa tena.

Ukumbi ulijaa. Idara zilizochelewa ni nyingi kuliko nilivyodhani, nikajisikia nyumbani. Ofisa wa kwanza akaitwa. Sababu? Mafuriko. Wa pili? Mafuriko. Wa tatu akaeleza kwamba jalada lililiwa na panya, na panya wenyewe wakafa kwenye mafuriko. Jaji akavua miwani, akauliza kama kuna sehemu yoyote ya serikali iliyobaki kavu mwaka jana.

Akafuata mama mmoja wa idara ya misitu. Akasema mahakama ya chini ilichelewa kumpa nakala ya hukumu, na bila nakala hakuweza kukata rufaa. Akatoa barua zake za kuwakumbusha, karibu kila mwezi moja. Basi. Hakuongeza kitu. Jaji akazisoma akitikisa kichwa kwa kuridhika. Nilimhurumia yule mama. Hana ubunifu hata kidogo.

Kisha mimi. Jaji alikuwa na kiapo changu mbele yake.

"Ofisi yenu iko ghorofa ya ngapi?"

"Ya tatu, Mheshimiwa."

"Maji yalipanda mpaka ghorofa ya tatu?"

"Yalishuka, Mheshimiwa."

"Kutoka wapi?"

Nikasema ghorofa ya nne. Akauliza mbona watu wa ghorofa ya nne hawakulalamika. Nikasema ni ukumbi wa mikutano, hakuna watu, ndiyo maana. Nilijiona mjanja kwa muda wa pumzi moja.

Wakili mwenye sauti ndogo akaomba mteja wake aseme neno. Mama Makochi akasimama. Alitimiza ahadi, hakusema mengi. Alisema karakana yake inatazamana na dirisha langu. Alisema mwaka mzima uliopita aliniona pale kila asubuhi, na kikombe.

"Alikuwa katika hali gani?" jaji akauliza.

"Mkavu, Mheshimiwa."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Aliongeza kwamba maji pekee aliyowahi kuyaona pale juu ni yale niliyokuwa namwagilia kimti changu cha dirishani.

Jaji akasubiri ukumbi utulie. "Tuyaache maji. Rufaa yenyewe, miezi yote hiyo, ilikuwa wapi?"

Hapo nikapumua. Nikasema kwa fahari kwamba rufaa ilikuwa imeshaandikwa kabisa, tangu wiki ya pili. Ilikuwa inasubiri sahihi.

"Sahihi ya nani?"

"Ya mwanasheria wa idara, Mheshimiwa."

"Ambaye ni nani?"

Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia. Dari ya mahakama ile imepakwa rangi ya maziwa, nzuri sana.

"Ni mimi, Mheshimiwa."

Aliyeanza kucheka ni karani wa mahakama, mtu mzima mwenye mvi. Jaji hakumkemea. Alikuwa ameinamisha uso, na mabega yake sikuyapenda.

Uamuzi ni Jumatano. Tulipokuwa tunatoka, Pasi akaingia langoni, mapema kabla ya saa nane, shati limenyooka. Akaniuliza kama tunaanza. Nikamwambia nilitaka kumpunguzia uchovu.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Uamuzi umesomwa. Nimekaa safu ya nyuma, karibu na mlango, kwa sababu za kiafya.

Jaji hakupaza sauti. Alisema saa ya sheria ni moja kwa watu wote. Mwananchi akichelewa anafungiwa mlango, hata awe amechelewa kwa sababu ya msiba. Serikali yenye ofisi, magari na mishahara haiwezi kuja baada ya miezi ikaomba mlango ufunguliwe kwa kuwa ni serikali. Anayeomba kuongezewa muda alete sababu, na sababu iwe ya kweli. Mama wa misitu ameongezewa. Mwingine mmoja, ambaye kweli alikuwa kitandani hospitalini, ameongezewa. Wengine wote tumekataliwa.

Kuhusu sisi alisema hakusikia sababu dhaifu. Hakusikia sababu kabisa. Kisha akaongeza jambo moja. Alisema mtu akishinda kesi yake ana haki ya kujua kwamba imekwisha. Nyumba ambayo mwenyewe hajui kama ni yake hawezi kuitengeneza, hawezi kuiuza, hawezi hata kuipaka rangi. Kumwacha mtu hivyo kwa uzembe ni kumnyang'anya mara ya pili.

Uzio ung'olewe kabla ya kesho jioni. Na kiapo changu kipelekwe kwa Mkurugenzi, ashughulike nami, kwa kuwa kiapo si hadithi.

Mama Makochi hakupiga vigelegele. Aliweka mkono mdomoni akabaki amekaa, na wakili wake akamshika bega. Watu walitoka, yeye bado amekaa. Nikamfuata nikasema hongera, maana lazima mtu aseme kitu.

"Asante," akasema. Akaniangalia sana. "Pole na wewe, mwanangu."

Lile pole limeniuma kuliko uamuzi. Nimejaribu kulisahau njia nzima. Nimetembea kwa miguu.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Mkurugenzi amesema aliyeusimamisha uzio muda wote huo ndiye atakayeulaza. Nimepewa koleo na glavu. Hakuna tai.

Nilifikiri ni kazi ya saa moja. Zile nguzo tulizifukia kwa zege! Nani aliagiza zege kwa uzio wa muda? Nimeuliza. Ni mimi.

Mmoja wa mafundi wa zamani wa Mama Makochi alikuja kusaidia. Amekwisha kuambiwa arudi kazini. Mchana waya ulikuwa umekunjwa wote pembeni. Mama alitoka upande wa mbele, akasimama pale ulipokuwa waya, akavuka kwenda nyuma. Akarudi. Akaenda tena, akarudi tena, mikononi hana kitu. Sikumuuliza alikuwa amesahau nini.

Kisha tukatoa kochi letu, mimi upande mmoja, fundi upande mwingine. Mke wangu alikuwa amefika. Hatukuwahi hata kulifikisha barabarani: alitwambia tuliweke chini hapohapo, akalikalia katikati ya uwanja, akavua viatu, akafumba macho. Mama Makochi akaketi pembeni yake. Wakaanza kuongea kwa sauti ya chini na kucheka. Sijui walikuwa wanamsema nani.

Nilikaribia kujisikia vizuri. Halafu nikapanda juu.

Pasi ndiye Mkuu wa Kitengo. Meza yake imeshahamishwa, vumbi limeshafutwa. Na mezani kwangu kuna barua ya Mkurugenzi: nijieleze kwa maandishi kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kiapo kile. Mwisho kesho, saa kumi jioni.

Pasi alikuja akaniambia, pembeni, kwamba amezungumza na Mkurugenzi na hasira zake zimepungua. Niandike ukurasa mmoja tu. Niseme ukweli, niombe radhi, nimpe leo hii hii, na yatakwisha. Akajitolea kunisomea kabla sijapeleka.

Nimemshukuru. Ushauri wa kitoto kabisa. Ukurasa mmoja! Mtu wa hadhi yangu!

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimeanza siku kwa kupanga meza, kwa sababu mawazo hayakai kwenye fujo. Kisha nikachonga penseli, ingawa naandika kwa kalamu. Kisha chai. Nikatafuta neno zuri la kuanzia. "Kwa heshima" limechoka. "Kwa taadhima" linapiga magoti mno. Nilipotazama saa ilikuwa saa tisa na karatasi ilikuwa nyeupe kama shati la Pasi.

Mwingine angechanganyikiwa. Mimi nikaona mwanga.

Kwa nini nijieleze wakati naweza kuonyesha kwamba barua ilinifikia kwa kuchelewa? Barua ikichelewa kufika, jibu lina haki ya kuchelewa. Ni hesabu tu! Nikaandika kiapo kipya. Kurasa nne. Tarishi aliyepotea njia, barua iliyokwama kwenye lifti, mimi nikiisubiri kwa hamu. Hatuna lifti, lakini jengo ni refu, msomaji ataelewa. Nakiri ni kazi bora kuliko ya mafuriko. Ile ilikuwa na maji mengi.

Pasi alipita mara mbili. Mara ya kwanza akasema Mkurugenzi bado yuko ofisini, anasubiri, hata nusu ukurasa atapokea. Mara ya pili alisimama tu mlangoni akinitazama jinsi watu wanavyomtazama mgonjwa. Nikamwashiria asinikatishe.

Nilipoweka nukta ya mwisho nikakimbia, nikavuka barabara, nikapanda ngazi za kamishna wa viapo mbilimbili. Kufuli! Mlinzi akaniambia bwana mkubwa hufunga saa kumi kamili. Nikamuuliza sasa ni saa ngapi. Akanionyesha saa yake.

Kwa hiyo sababu yangu ya kuchelewa imechelewa.

Si kitu. Jumatatu mapema nitaandika kiapo kingine, kueleza kwa nini kiapo kinachoeleza kwa nini nilichelewa kilichelewa. Mwanzo wake ninao tayari kichwani, na ni mzuri ajabu. Ningeuandika hata sasa hivi, ila ni Ijumaa, na kazi ya namna hii haitaki pupa.